Majina ya Saa Kumi na Moja

"Usipumue," fundi alimwambia mkewe. "Sindano itahama."

Mkewe akabana pumzi. Mezani palikuwa na kopo lililozungushiwa waya wa shaba, kijiwe cheusi chenye kung'aa, na sindano iliyokigusa kijiwe hicho kwa ncha tu. Waya mmoja ulipanda hadi juu ya paa, mwingine ulifungwa kwenye bomba la maji. Betri hazikuwepo. Umeme ulikuwa umekatika tangu wanajeshi walipouzingira mji.

Fundi alikuwa ametengeneza simu za watu kwa miaka thelathini. Kisikilizio cha kuvaa sikioni alikitoa ofisini kwao, ofisi ambayo sasa haikuwa na ukuta wa mbele. Vitu hivyo vya mezani ndivyo vilivyokuwa redio yake; iliendeshwa na mawimbi yenyewe, nayo yalitoka ng'ambo, yakafika hoi.

Binti yao, mtoto wao wa pekee, aliondoka na lori la mwisho. Watu walisema lilipigwa bomu njiani. Wengine walisema halikupigwa. Huu ulikuwa mwezi wa saba tangu aondoke. Kila siku saa kumi na moja jioni, kituo cha ng'ambo kilisoma majina: kwanza ya waliopatikana hai, kisha matangazo ya vifo.

"Mke mwenzangu amesemaje leo?" mkewe alizoea kuuliza. Ndivyo alivyoiita redio.

"Bado."

Na kila mara matangazo ya vifo yalipoanza, fundi alivua kisikilizio. Moyo wa kuyasikiliza hakuwa nao.

Leo mafua yalimziba masikio, kwa hiyo aliyesikiliza ni mkewe. Orodha ya walio hai ikaisha. Mama wa watu akatikisa kichwa.

"Basi, vua," fundi alisema.

Hakuvua. "Nimechoka kutojua, baba. Bora niambiwe."

Sauti ilikuja ikapotea, ikaja tena. Fundi aliisogeza sindano kiasi cha unywele mmoja. Ghafla mkewe akashika ukingo wa meza, akatamka jina la binti yao, jina kamili, mpaka la babu yake.

Fundi alimwinamia mkewe.

"Kwenye vifo?"

"Kwenye vifo."

Alitazama ukutani. Hakulia. Kwa miezi saba alikuwa amejiandaa kwa neno hilo, na sasa lilipofika akaona hakujiandaa hata kidogo.

"Wamesema alikufa lini?"

Mkewe aliinua kidole, bado anasikiliza. Halafu akavua kisikilizio, akakilaza mezani taratibu.

"Hajafa. Yeye ndiye aliyeleta tangazo." Sauti yake ilikuwa kavu. "Anatangaza vifo vya baba yake na mama yake, na anawashukuru wote waliompa pole."