Siku ya Kusuka

Kila mtu huvaa kisikizi sikioni, sokoni na hata kitandani, na kisikizi humeza kila neno baya linalosemwa juu ya Chuo. Siwema alipomweleza mumewe unyama aliofanyiwa na mkuu wa Chuo, mume aliona midomo tu ikicheza. "Sema basi, mke wangu," akamwambia, akaendelea kula.

Siwema hakukubali kuzimwa kama redio. Alijua hakuna anayesukwa akiwa na kisikizi sikioni, maana humkwaza msusi vidole. Ijumaa akamketisha mama yake mkekani, akamvua chake, akaanza kusuka. Na huku akisuka akamwaga yote, bila kupunguza hata neno.

 Mama akageuka, midomo ikacheza, Siwema asisikie kitu. Ndivyo ilivyocheza siku ile mlangoni, Siwema alipokuwa akiondoka kwenda Chuoni. Miaka yote aliamini mama alikuwa akimwombea dua.

Akang'oa kisikizi chake mwenyewe.

"Nilikuambia usiende, mwanangu! Mzee yule alinifanyia hayo hayo mimi kwanza!"

Wakakumbatiana, wakalia. Kisha mama, nusu ya kichwa imesukwa na nusu timutimu, akafuta machozi.

"Lete kinu."

Wakavitwanga visikizi vyote viwili. Mchi ulipotulia, wakamsikia mwanamke uani kwa jirani akikilaani Chuo, kwa sauti iliyokwisha kukauka.

Mama akarudi mkekani. "Nimalizie kusuka upesi," akasema. "Yule naye kasubiri mno."