Kiungo Kilichozidisha Mwanga

"Mashine ya kupimia haidanganyi!" mjomba alitamba mbele ya daktari mkuu. "Hapa nilipounga nyuzi za kebo, kiungo changu hakipotezi mwanga, kinauongeza! Tia sahihi, mwanangu, hospitali ipate mtandao."

Fundi, mpwa wake, hakushika kalamu. Tangu lini uzi wa kioo ukazaa mwanga? Nyuzi mbili zisipolingana upana wa njia ya mwanga, ukipima kutoka upande mmoja tu zinakupiga chenga: mashine inaonyesha mwanga umeongezeka.

Akabeba mashine hadi mwisho wa pili wa kebo, akapima kurudi nyuma. Kama alivyodhani: mwanga ulikuwa ukivuja vibaya palepale kwenye kiungo.

Akarudi, akaushika uzi ule mwembamba kama unywele, akaukata penye kiungo.

"Nani kakufundisha kupima pande zote mbili?" mjomba alifoka.

"Wewe, mjomba. Nishikie hapa, tuunge upya."