Siku ya Kufungwa kwa Kituo

Nsimire aliachiliwa siku kituo cha kuwazuilia waomba hifadhi kilipofungwa, baada ya kukaa humo miaka minne. Alitoka langoni na bintiye Faida, aliyezaliwa humo ndani.

"Kimbia utakavyo, mwanangu," Nsimire alimwambia.

Faida alikimbia njiani akicheka. Alipofika hatua ishirini, urefu wa ua wa kituo, akageuka ghafla na kurudi. Akakimbia tena, akageukia palepale, ingawa mbele yake hapakuwa na ukuta.

"Endelea tu. Hakuna wa kukuzuia."

"Mbona leo askari hawajatuhesabu?" mtoto akauliza.

Nsimire alitembea hadi pale Faida alipokuwa akigeukia, akapapita kidogo, kisha akachuchumaa na kumkunjulia mikono. Mtoto alisimama akimtazama.