Unga wa Raziki

Gari la mradi wa kujaribu dawa lilikuwa limeshawashwa, watu wanapunga mikono, Sikudhani alipotoka mbio na kifurushi katika upindo wa kanga.

"Daktari, ngoja! Mwanangu anavuta, hakiji kitu."

Bintiye, Raziki, alikuwa na kisukari tangu utotoni. Mwaka mzima alikuwa ameachana na sindano, anavuta insulini ya unga kwa kifaa kidogo kama filimbi. Sasa mradi umefungwa, na juzi walimwachia boksi la mwisho, la miezi sita.

Daktari akafungua kifurushi. Unga ulikuwa umeganda kama chumvi ya masika.

"Mama, uliuweka wapi?"

"Kwenye chungu cha mchanga uliolowa, baba. Si ndimo tulimotunza chupa za sindano miaka yote? Nikazichana karatasi zake zote, ubaridi uingie vizuri."

"Huu hauwezi unyevu. Hatukukwambia."

"Basi nipe mwingine."

"Hakuna mwingine, mama."

Raziki alikuwa ameegemea mlango, midomo imemkauka. "Mama na chungu chake! Iko siku atanitia na mimi humo." Akacheka peke yake.

Wakampakia garini, wakampeleka hospitali kubwa. Huko walikuta kitanda na wauguzi wema. Insulini ya sindano ilikuwa imekwisha.

Raziki alikufa siku ya tano. Daktari yuko nchi nyingine, anafundisha. Sikudhani yupo palepale. Jirani akimletea kitu amtunzie, huficha mikono nyuma.