Kifurushi cha Mtu Mmoja

Siku hiyo Nadine alikuwa Kevin. Juma lililopita alikuwa Priya. Kompyuta ndiyo iliyogawa majina, na wateja waliochati naye hawakujua kwamba Kevin ni mama wa makamo, amekaa kwenye ghala la zamani mjini Moncton, soksi mbili mbili miguuni kwa baridi.

Aliyemlipa mshahara hakuwa kampuni ya simu yenye wateja hao. Ghala lile lilikodiwa tu kuwajibia wateja, na kila mfanyakazi alitia sahihi kwamba hatamwambia mtu yeyote, hata anayelala naye kitanda kimoja, anajibu kwa niaba ya kampuni gani. Sharti hilo halikumsumbua Nadine. Rhéal, mumewe, akimuuliza habari za kazini, alijibu, "Kazi tu," wakala viazi vyao wakitazama utabiri wa theluji. Baada ya kuandika kutwa nzima hakubaki na maneno ya kupeleka nyumbani. Hakuwa na huzuni wala furaha. Alikuwa kama mkono uliolaliwa.

Kitu kimoja tu kilimtia hofu, nacho ni zamu ya jioni. Aliyeuza kidogo kuliko wenzake alihamishiwa huko, na majina yangetoka leo Ijumaa, kazi ikiisha. Zamu ya jioni maana yake ni kurudi Rhéal ameshalala, na kula peke yake chakula cha kupasha. Hilo hakulitaka hata kidogo.

"Umebakiza wangapi?" aliuliza Zoël, kijana wa meza ya jirani.

"Mmoja. Nikimpata huyo, nimepona."

"Basi mpate, dada. Ukienda jioni nitachekeshwa na nani hapa?"

"Mimi nimekuchekesha lini?"

"Sura yako hiyo yatosha."

Dirisha la chati likafunguka kwenye kompyuta. Mteja aliandika bila herufi kubwa wala nukta: "habari nipo kwenye kifurushi cha familia nataka kujitoa niwe na laini yangu peke yangu ni bei gani"

"Mtoto wa mama anahama kwao," Nadine akasema.

Zoël akachungulia. "Maskini. Hajawahi kununua hata sabuni huyo."

Kevin akataja bei ya kwenye tangazo, dola themanini na tano kwa mwezi.

"yote hiyo laini moja? huku kwenye familia nachangia nusu yake. kwa nini simu nchi hii ni ghali hivi"

Nadine akabandika jibu lililoandaliwa na wakubwa: nchi yetu ni kubwa mno, na minara ni mingi.

"Na Australia je, ni bustani ya vitunguu?" Zoël akanong'ona. "Sema kampuni ni tatu na zote zinakula sahani moja."

Mteja akaandika: "basi acha tu. bora nivumilie hapa nilipo"

Nadine akaiona zamu ya jioni ikimjia. Akauliza swali ambalo halikuwamo kwenye mwongozo: kwani huko nyumbani kuna nini?

"hakuna kitu ndiyo shida. hakuna ugomvi hakuna kelele. tunakaa mezani kama watu wanaosubiri basi. chumba nimeshapata ila nyumbani sijasema"

"Kuna nyumba, jamani," Nadine akamwambia Zoël, akitikisa kichwa. "Mpaka mtu anamweleza Kevin."

Alitazama msimamizi yuko wapi. Alikuwa mbali, anapiga miayo. Basi Nadine akaanza kumfundisha yule mteja kama ambavyo angemfundisha mwanawe aliyekwenda kufanya kazi Calgary. Bei nafuu zipo, ila mtaka cha uvunguni sharti ainame. Usichukue simu mpya kwa mkopo, alimwandikia, maana mkopo huo ndio unaovimbisha bili. Njoo na simu uliyo nayo. Usinunue data za kumwaga wakati huko unakohamia kuna wifi. Tena kampuni hii ina jina la pili, la bei ya chini, minara ni ile ile, ila hakuna atakayekuambia mpaka useme unaondoka. Siku zote sema unaondoka. Ukisema hivyo wote hulegea.

Akabonyeza hapa, akafuta pale, akaongeza punguzo ambalo huwekwa akiba kwa wateja wakali. Ikatoka dola thelathini na nne.

Vidoti vitatu vilicheza kwenye kioo, vikapotea, vikacheza tena.

"Anaingia?" Zoël aliuliza.

"Subiri."

"kevin wewe ni mtu mwema. kila mwezi najiambia ningekwenda ila bei, ningekwenda ila bei. sasa umenimalizia kisingizio. naenda leo leo kabla sijabadili mawazo"

Nadine alisikia kitu kikimpanda kifuani, chenye joto kidogo, ambacho hakuwa amekisikia tangu vuli. Kama si furaha, basi ni jirani yake. Atabaki mchana. Leo angepitia sokoni anunue samaki, na pengine mezani angemsimulia Rhéal, bila kutaja kampuni, habari za huyu aliyemsaidia kuanza maisha.

"Hongera sana," Kevin akaandika. "Utapenda kuhama na namba yako ya sasa? Iandike hapa chini."

Namba ikaja, tarakimu zote zimeshikana.

"Vipi, umempata?" Zoël aliuliza, mkono tayari hewani apongezane naye.

Nadine hakuhitaji kuihakiki. Aliipigia asubuhi ile ile, kumkumbusha Rhéal anunue maziwa.