Vidole Vinne Kwenye Sponji

Mume wangu alibandua ngozi iliyochakaa ya kiegemeo cha mkono, kile alichokifungua kwenye mlango wa abiria wa gari letu, akaniita. Mimi nilikuwa kwenye cherehani pale pale sebuleni, nashona ngozi mpya.

"Mama watoto, hebu njoo uone."

Sponji kuukuu ilikuwa na mashimo manne yaliyopangana, tena ya kina. Akaushika mkono wangu, akavitia vidole vyangu mle. Viliingia bila kubisha hodi.

"Na kila nikikuuliza, unaniambia naendesha kama rubani!"

"Ningesemaje, baba watoto, na wewe unavyopiga mluzi kwa raha zako?"

Alicheka mpaka akakaa chini, gundi imemganda vidoleni. Alipotulia, akaivuta sponji mpya, nzuri, laini, akaanza kuichimba kwa kisu cha jikoni.

"Sasa hiyo unaiharibia nini?"

"Nakuwekea pa kushika."

"Si upunguze mwendo tu?"

Akakisimamisha kisu. Akanitazama, akafikiri kwa dhati kabisa, kama mtu aliyeombwa figo.

Kisha akainama, akaongeza kina.