Kitofali cha Zambarau

Kacha, kacha. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na Mwanakheri alimsikia Salme akipekua gizani ndoo ya vitofali vyake vya plastiki. Vyekundu na vya manjano vilijaa tele, vya kijani vya kuokoteza, cha zambarau hakuna hata kimoja.

Mwanakheri alileta kibatari. Mwezi wa nne huu tangu aolewe na baba yake Salme, na bado mtoto alimwita "mgeni".

"Nimekupikia kitu," alisema, akifungua pindo la kanga.

Mchana, alipokuwa akichemsha ukindu wa mikeka katika rangi ya zambarau, alitumbukiza kitofali cheupe humo sufuriani.

Salme alikigeuzageuza. Moto ulikuwa umekipinda, na rangi haikukolea. Ilibaki baina ya zambarau na waridi, rangi isiyouzwa duka lolote.

"Umekipika? Kama muhogo?"

"Kama muhogo, mwanangu. Niwie radhi, nimekiharibu."

Mtoto alikibonyeza kwenye nyumba aliyokuwa akiijenga. Kikagoma. Akakigandamiza kwa kiganja, kikaingia, kikakaa mshazari.

"Huu ni mlango wako," alisema.